Studi, trapeza au skrubu ya goroli: uweke nini kwenye CNC ya kujitengenezea?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo ya mbao hapa Morogoro. Tunachonga milango, vitanda na mabango. Nimejitengenezea CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ya fremu ya mabomba ya mraba, eneo la kazi sentimita 60 kwa 90, stepa mota (zinazozunguka hatua kwa hatua) za saizi ya NEMA 23 kwa umeme wa volti 24, kontrola ya Grbl (programu ya kuendesha mashine). Mihimili yote mitatu inaendeshwa na studi za M10, fimbo za chuma zenye meno ya boliti urefu wote, nilizonunua duka la vifaa vya ujenzi, zimeshikwa na beringi za kawaida kila upande. Nikikata duara halitoki duara. Mashine iko taratibu mno, na nikipita milimita 1,000 kwa dakika studi ndefu inaanza kupiga kelele na kutikisika. Nataka kubadilisha. Mmoja ananiambia niweke skrubu za goroli (nati yake hutembea juu ya goroli) za 1605 mihimili yote, mwingine anasema 1610 kwa sababu ina kasi, mwingine anasema skrubu ya trapeza, yenye meno ya umbo la trapeza, inatosha. Na hiyo C7 wanayoandika wauzaji ni kitu gani? Pesa niliyonayo haitoshi kufanya yote kwa mkupuo.

JIBU: Marahaba, na hongera. Wengi huishia kwenye michoro, wewe una mashine inayokata.

Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Mhimili mrefu na ule wa daraja (mkono unaovuka meza ukibeba ruta, yaani mota ya kuchonga), weka 1605 zenye vishikio vya beringi vya BK12 na BF12 kwenye ncha. Mhimili wa kupanda na kushuka, weka trapeza ya Tr12x3. Ile 1610 iache, si ya mashine ya urefu wako. Pesa ikitosha mhimili mmoja tu, anza na mrefu. Ila kabla hujatuma shilingi kwa mtu yeyote, tenga jioni moja upime, kwa sababu skrubu hubebeshwa lawama nyingi ambazo ni za beringi, za kapilingi (kiungo cha mota na skrubu), au za fremu yenyewe.

Kata duara la milimita 100 kwenye kipande cha MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa), ulitazame kwenye mwanga. Kuna sehemu nne za duara ambapo mhimili mmojawapo hugeuza mwelekeo, pale zilipo namba 12, 3, 6 na 9 kwenye uso wa saa. Ukiona vibapa au vingazi vidogo hapo, hiyo ni plei: mota imegeuka lakini meza inasubiri nafasi iliyolegea iishe ndipo itembee. Ukiona duara ni laini lakini kipenyo cha upande mmoja ni 100 na cha upande mwingine ni 99 na kitu, basi hesabu ya hatua kwa milimita imekosewa kwenye kontrola, na hilo unalirekebisha bila kununua chochote. Na likiwa limelala mshazari, kipenyo cha kona hadi kona kikitofautiana na cha kona nyingine, mihimili yako haijakaa mraba. Hilo hakuna skrubu itakayokutibu. Chukua spana na urudi kwenye fremu.

Ikiwa ni plei, itafute inapokaa. Azima dayo geji, kipimo cha sindano kinachosoma sehemu ndogo za milimita, kwa mafundi wa injini, ile ya sumaku chini. Washa mashine ili mota zishike, egemeza ncha ya geji kwenye daraja, kisha lisukume na kulivuta kwa mkono. Tuseme sindano inacheza 0.4. Sasa hamishia ncha ya geji kwenye kichwa cha studi yenyewe, uisome kwa urefu wake, halafu sukuma na vuta tena. Kama studi nayo inaingia na kutoka 0.3, unajua mara moja kwamba robo tatu ya tatizo lako ni beringi zisizoshika studi kwa urefu. Beringi za kawaida ulizoweka zimetengenezwa kubeba mzigo wa pembeni; zikisukumwa kwa urefu wa shafti zinaachia. Ukifunga skrubu ya goroli ya bei mbaya juu ya beringi hizohizo, ile 0.3 itabaki palepale. Baada ya studi, pima nati, halafu pima kile kipande kinachoshika nati. Ukimaliza utakuwa na orodha ya nani anakula nini, na hiyo ndiyo itakayokuambia pesa iende wapi.

Sasa tuje kwenye studi. Meno ya M10 yana pembe ya digrii 60 na yametengenezwa kwa kazi ya kukaza, yaani msuguano ndiyo sifa yake. Kwa nati ya chuma, kama moja ya tano tu ya nguvu ya mota ndiyo inayofika kwenye daraja. Iliyobaki inakuwa joto na uchakavu. Lakini nguvu siyo shida yako kubwa. Shida yako ni mwendo, nami nitatumia neno hilo kwa maana ya umbali ambao nati inatembea skrubu ikizunguka mara moja. Mwendo wa M10 ni milimita 1.5. Kwa milimita 1,000 kwa dakika studi yako inazunguka mara 667 kwa dakika, na kwa stepa mota ya volti 24 hapo ndipo nguvu inapoanza kukimbia. Skrubu ya 1605 ina mwendo wa milimita 5. Kasi ileile ya daraja ingeidai mota mizunguko 200 tu, na mizunguko 200 ndipo stepa inapokuwa na misuli yake yote.

Kasi si ya kujionyesha. Bapa (kisu cha ruta) la milimita 6 lenye meno mawili, ruta ikizunguka mara 18,000 kwa dakika, linataka kila jino ling'oe kama 0.1 ya milimita. Zidisha: 18,000 mara 2 mara 0.1, unapata milimita 3,600 kwa dakika. Wewe unakwenda 1,000, kwa hiyo kila jino linang'oa chini ya 0.03. Hapo halikati, linasugua. Ukingo wa mninga unakuwa mweusi, bapa linapata moto na kufa mapema, na kinachotoka ni unga badala ya maranda. Bila shaka umeshaliona hili kwenye milango yako ukadhani ni bapa bovu.

Kule kutikisika kunatokana na kitu kingine. Shafti ndefu nyembamba ikizunguka ina kasi yake ambayo ikifikiwa inaanza kupinda na kutikisika katikati, na kasi hiyo unaweza kuihesabu kabla hujanunua. Chukua kipenyo cha shafti kwenye mizizi ya meno kwa milimita, zidisha na namba ya ushikaji, zidisha na milioni 10, kisha gawanya kwa urefu kati ya beringi uliojizidisha wenyewe. Namba ya ushikaji ni 3.4 kama upande mmoja umeshikwa kabisa na mwingine unaning'inia, 9.7 kama pande zote mbili zimeegeshwa tu, na 15.1 kama upande wa mota umeshikwa kabisa na wa pili umeegeshwa. Namba hizi tayari zimeacha nafasi ya usalama ya asilimia 20.

Tuseme kati ya beringi zako kuna milimita 1,000. Studi ya M10 ina milimita 8.2 kwenye mizizi, na beringi zako zinaiegesha tu, kwa hiyo kikomo ni mizunguko 795, sawa na milimita 1,190 kwa dakika. Na hiyo ni studi iliyonyooka. Ya dukani imelala kwenye rafu ikiwa imepinda tayari, ndiyo maana yako inalia ikipita 1,000. Haijaharibika, imefika mwisho wake.

1605 ina milimita 13 na ushee kwenye mizizi, na BK12 inaishika kabisa upande wa mota. Weka 15.1 kwenye hesabu: mizunguko karibu 1,980, ambayo kwa mwendo wa 5 ni zaidi ya mita 9 kwa dakika. Mota yako itachoka zamani kabla skrubu haijatikisika. Trapeza ya Tr12x3, yenye 8.5 kwenye mizizi, ikiegeshwa tu pande zote inakupa mizunguko 824, yaani milimita 2,470 kwa dakika. Si mbaya hata kidogo kwa mwenye pesa kidogo.

Hapo ndipo mjadala wa 1605 na 1610 unapokaa. Namba mbili za mwanzo ni kipenyo, mbili za mwisho ni mwendo. 1610 inatembea milimita 10 kwa mzunguko, kwa hiyo kwa nguvu ileile ya mota inasukuma nusu ya 1605. Ukitaka kuona kwa namba: nguvu ya msukumo ni 6.28 mara ufanisi mara nguvu ya mota, ugawanye kwa mwendo ulioandikwa kwa mita. Mota ikitoa nyutoni-mita 0.5 na ufanisi ukiwa 0.9, 1605 inasukuma nyutoni 565, karibu kilo 57 za uzito. 1610 inasukuma 283. Hatua moja kamili ya mota, zikiwa 200 kwa mzunguko, ni milimita 0.025 kwenye 1605 na 0.05 kwenye 1610. Wanaokusifia 1610 hawakudanganyi. Inafaa kwa shafti ndefu. Kwenye milimita 1,500 kati ya beringi, kikomo cha skrubu ya 16 kinashuka hadi mizunguko 880 hivi, na mwendo wa 5 unakubana kwenye mita 4.4 kwa dakika. Mwenye meza ya kulaza plaiwudi nzima ana haki ya kuitaka 1610, au kuachana kabisa na skrubu akaenda kwenye reli ya meno. Meza yako ni sentimita 90.

Kuna kishawishi kingine utakutana nacho, kile cha "weka 2005, ni nene zaidi, itadumu." Uzito wa kuzungusha shafti unapanda kwa kipenyo kilichojizidisha mara nne. Kutoka 16 hadi 20 unaongezeka karibu mara mbili na nusu, na mota inaanza kutumia nguvu yake kuamsha shafti kila inapogeuza mwelekeo badala ya kusukuma bapa. Kwenye kuchonga nakshi, ambako mashine inageuka kila sekunde, utaona tofauti. Kumi na sita inakutosha.

C7 ni kiwango cha usahihi wa mwendo. Skrubu ya C7 inaruhusiwa kukosea hadi milimita 0.05 katika urefu wa milimita 300. C5 inaruhusiwa 0.018, na C10 inaruhusiwa 0.21. Wauzaji wa bei nafuu wa China wengi wanauza C7 ya kuvingirishwa, na kwa mbao hiyo ni zaidi ya unavyohitaji: ubao wa mvule usiokauka vizuri utajikunja kwa zaidi ya hapo kabla mteja hajaja kuuchukua. Usilipie C5. Lakini angalia jambo moja ambalo matangazo hayalisemi: kiwango hiki kinahusu mwendo tu, hakihusu plei. Skrubu inaweza kuwa C7 safi na nati yake ikawa inacheza. Plei ni suala la goroli zilivyobana ndani ya nati, na ni swali la peke yake la kumuuliza muuzaji. Akisema haijui, pima mwenyewe siku inafika.

Sasa mhimili wa kupanda na kushuka, ambao wengi wanaukosea kwa kutaka mihimili yote ifanane. Skrubu ya goroli ina ufanisi wa karibu asilimia 90, na kitu kinachozungushwa kirahisi na mota kinazungushwa kirahisi na uzito pia. Tuseme ruta na mkono wake ni kilo 6. Kwenye 1605 uzito huo unaizungusha shafti kwa nyutoni-mita 0.042. Mota isiyo na umeme inabaki na ukinzani mdogo wa sumaku zake tu, wa kiwango kinachokaribiana na hicho, kwa hiyo itashika leo na kesho itateleza. Kwenye 1610 uzito unavuta mara mbili ya hapo na ruta inashuka. Sote tunajua umeme wetu. Ukikatika katikati ya kazi, bapa linalozunguka bado kwa msukumo wake linazama kwenye mlango wa mteja.

Trapeza inakuokoa hapo, mradi uchague ile inayojifunga. Utasikia watu wakisema trapeza zote hujifunga, si kweli. Ile maarufu ya Tr8x8 inayouzwa pamoja na vifaa vya printa za 3D ina mianzo minne ya meno: meno yako milimita 2 kutoka moja hadi jingine, lakini nati inatembea 8 kwa mzunguko. Mlalo wa meno yake ni kama digrii 20, na kwenye mlalo huo uzito unateremka wenyewe. Ukitaka kujua, ishike wima na uiachie nati iliyopakwa oili. Tr12x3 yenye mwanzo mmoja ina mlalo wa digrii 5 hivi. Hiyo msuguano unaishika. Mwendo wa 3 unakupa milimita 1,500 kwa dakika kwa mizunguko 500, na mkono wa ruta hauhitaji zaidi. Plei nayo haisumbui sana hapo, kwa sababu uzito wa ruta wenyewe unaikandamiza nati upande mmoja muda mwingi.

Na kama pesa itakuwa ndogo kuliko unavyotarajia? Basi weka Tr12x3 hata kwenye mihimili mingine miwili, na akili yote iweke kwenye nati. Nati moja ya shaba iliyofungwa kikavu itakuwa na plei baada ya miezi michache ya vumbi. Tafuta ya aina mbili zenye springi katikati, au tengeneza ya plastiki ya POM, ile nyeupe ngumu inayotumika kwenye gia ndogo. Kata kipande cha mche, toboa tundu dogo kuliko kipenyo cha skrubu, pasua katikati kwa urefu. Pasha kipande cha skrubu hiyohiyo, kibane katikati ya nusu mbili za POM kwenye jiliwa taratibu hadi meno yajichapishe, kiache kipoe palepale, kisha kizungushe kitoke. Nati hiyo inakumbatia meno ya skrubu yako na si ya mtu mwingine, na ikichakaa unakaza boliti zinazobana nusu hizo mbili. Pasha kidogo kidogo na uwe nje penye hewa. POM ikiungua inatoa hewa ya formaldehaidi inayochoma macho na kifua. Ukinunua nati badala ya kutengeneza, hakikisha ni ya trapeza ya milimita. Ile ya Kimarekani ya ACME ina pembe ya digrii 29 na hupimwa kwa inchi, wakati Tr ni digrii 30. Zinaonekana ndugu lakini hazikai pamoja.

Ukiagiza 1605, agiza ncha zikiwa zimeshachongwa kwa ajili ya BK12 na BF12. Uso wa skrubu ya goroli umegumishwa kwa moto hadi unakaribia ugumu wa tupa. Fundi wa mashine ya kukereza mwenye kisu cha kawaida atakuharibia kisu chake na skrubu yako. Kuikata kwa grainda nako kunaleta joto linalolegeza chuma pale unapotaka kiwe kigumu. Jihadhari na urefu. Unachoandika kwenye oda ni urefu wote wa shafti pamoja na ncha. Ncha zinakula karibu sentimita 6 na nusu, nati inakula 5, na unahitaji akiba kidogo kila mwisho ili daraja lisigonge. Kwa safari ya milimita 900, agiza 1,050. Kwa safari ya 600, agiza 750. Wapo walioagiza 900 kamili kwa safari ya 900, na mashine zao sasa zinatembea 780.

BK ni ya upande wa mota. Ndani yake mna beringi mbili za kushika kwa pembe zinazobanana, ndizo zinazozuia shafti isiingie na kutoka, na ndizo zitakazomaliza ile 0.3 ya beringi zako. BF ya upande wa pili inaegesha tu na kuiacha shafti irefuke ikipata joto. Ukibana pande zote mbili kwa kudhani ndiyo uimara, joto litaipinda. Kapilingi nayo ibadilishe kama unatumia ile ya aluminiamu iliyochongwa mzunguko kama springi. Inavutika kwa urefu na kujisokota kidogo kila mota inapogeuka. Ile ya kucha mbili na mpira katikati ni bora. Mota yako ina shafti ya kama 6.35 au 8. Ncha ya skrubu ni 10. Pima kabla ya kununua.

Mzigo ukifika, usiifungue nati. Narudia kwa sababu kila mtu anataka kuona ndani: nati ikitoka kwenye shafti bila bomba la kuipokea, goroli zinamwagika, na ni ndogo, milimita 3.175, zinapotea kwenye vumbi la mbao. Laza shafti kwenye kioo cha meza, izungushe taratibu kwa kiganja ukitazama mwanga chini yake. Mwanga ukifunguka na kufunga, imepinda njiani. Piga picha umtumie muuzaji siku hiyohiyo. Oili inayokuja nayo ni ya kuzuia kutu tu. Ifute, tia grisi ya kawaida ya lithiamu ndani ya nati kupitia tundu lake. Zile nyeusi zenye grafaiti au molibdeni usitie. Watengenezaji wa skrubu za goroli wanazikataza.

Kwenye kufunga, mpangilio ndiyo kazi nzima. Funga BK na BF bila kukaza, funga nati kwenye daraja bila kukaza. Peleka daraja hadi karibu kabisa na BK, kaza BK hapo. Lipeleke hadi BF, kaza BF. Rudi katikati, kaza nati mwisho. Kisha toa kapilingi na uzungushe shafti kwa vidole viwili kutoka mwisho hadi mwisho. Ikiwa laini mwanzoni na nzito mwishoni, skrubu haiko sambamba na reli. Vipande vilivyokatwa kwenye kopo la soda vina unene wa kama 0.1 ya milimita. Weka kimoja kimoja chini ya BF hadi uzito uishe. Usiache mota ishinde kwa nguvu, kwa sababu skrubu inayovutana na reli itakula goroli zake.

Kabla ya kuwasha, badilisha hesabu kwenye kontrola. Kama draiva zako (vifaa vinavyoipa mota umeme) ziko kwenye mgawanyo wa 8, yaani kila hatua imegawanywa mara nane, mota inakwenda hatua 1,600 kwa mzunguko. Kwa studi ya M10 ulikuwa na 1066.667 kwenye $100 na $101, mipangilio ya Grbl ya hatua kwa milimita. Kwa 1605 ni 320, na kwa Tr12x3 kwenye $102 ni 533.333. Ukisahau, utaamuru milimita 10 na daraja litaruka 33 likigonga mwisho. Anza na $110 na $111 (kikomo cha kasi) ya 2,000, panda taratibu hadi 3,000, ukisikiliza mota kama zinapoteza hatua. Zikipoteza kabla ya 3,000, huenda tatizo ni volti 24. Ugavi wa volti 36 utazipa pumzi, ila soma kwanza kikomo kilichoandikwa kwenye draiva. Grbl haina hesabu ya kufidia plei. LinuxCNC na Mach3, programu nyingine za kuendesha CNC, zinayo, lakini hata huko inasaidia kidogo tu: kontrola inaweza kukumbuka kwamba meza imelegea, haiwezi kulizuia bapa kuivuta.

Vumbi la MDF ndilo litakaloamua skrubu zako zitaishi muda gani. Linanata kwenye grisi na kuwa uji wa msasa. Weka mkanda wa ngozi au mpira juu ya shafti ndefu ili unga usiiangukie moja kwa moja, futa shafti kwa kitambaa kikavu jioni kila siku ya kazi, na tia grisi kidogo mara unapoona meno yamekuwa makavu. Trapeza ya mhimili wa kupanda na kushuka, ikiwa na nati ya POM, iache bila grisi. Inakwenda vizuri ikiwa kavu, na vumbi halipati pa kushika.

Ukishapima kwa dayo geji, kama kichwa cha studi hakitikisiki kabisa na plei yote iko kwenye nati, niandikie kabla ya kuagiza. Hapo huenda nati mbili za M10 zilizokazwa zikisukumana, na BK moja tu, zikakufikisha hadi mwisho wa mwaka, na pesa ya skrubu ukaikusanya kwa kazi ambazo mashine yenyewe imekuletea.